Swali la Ahero

Kenya iligawanywa Jumamosi moja alasiri, katika sebule ya mzee Okumu, nyumba za kanjo, za baraza la jiji, pale Jericho, Nairobi, na waliogawa safari hii hawakuwa Wazungu bali makarani wanne waliokuwa wakinywa chai kwa mandazi. Kila mmoja alipewa kwao. Wangu akapewa milima na majani chai ya kati. Mumin, aliyezaliwa Eastleigh na kulelewa Eastleigh, akakabidhiwa kaskazini yote pamoja na ngamia wake. Mwongeli akachukua Ukambani. Frankline, mtoto wa mwenye nyumba, akapewa nchi ya ziwa, akaipokea kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukitafuta andazi.

Wote wanne walikuwa makarani wa mkataba katika ofisi moja ya serikali mjini, na wote walikuwa wamechoka kuitwa wa mkataba. Karani wa mkataba hupiga mihuri ile ile anayopiga karani wa kudumu na hugombezwa na wananchi wale wale, lakini mwaka ukikaribia kwisha huanza kumchunguza mkubwa wake usoni kama mkulima anayechunguza mawingu. Sasa tangazo lilikuwa limetoka. Kungekuwa na mtihani wa utumishi, karatasi moja ya historia na jiografia ya nchi, na atakayepita angeandikwa kazi ya kudumu. Asiyepita, mkataba ukiisha, ndiyo kwaheri. Tangazo lilitaja pia umri ambao mtu akishaupita asijisumbue kuomba. Wangu, Mumin na Frankline walikuwa bado na miaka ya kujaribu tena wakianguka. Mwongeli hakuwa nayo. Huu ndio uliokuwa mtihani wake wa mwisho, na alikuwa akilisema hilo huku akicheka, kicheko cha mtu asiyeona kinachochekesha.

Mwongeli alikaa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga na binti yake, Kanyiva, na kila Jumamosi alitoka huko kwa miguu hadi Jericho, mvua ikinyesha viatu vikiwa mkononi. Alichokitaka duniani hakikuwa kikubwa. Alitaka nyumba yenye mfereji ndani. Alikuwa amekwisha kuiona moja kule mtaa wa Tena, ameingia jikoni, amefungulia maji, akayaacha yatiririke mpaka mwenye nyumba akakohoa. Kanyiva wake aliamka kupanga foleni ya mitungi kabla ya kwenda shule, na mwalimu alikuwa ameanza kulalamika kwamba mtoto anasinzia darasani. Mwongeli akizungumza juu ya mtihani, hakusema cheo wala mshahara. Alisema, "Nikipata mfereji."

Wazo la kugawana nchi kwa ushago, yaani kijiji cha asili cha kila mtu, lilikuwa la Frankline.

"Sikizeni," alisema, "mbona tusumbuke wote na kitabu kizima? Kila mtu asome kwao, halafu aje afunze wengine. Mimi mtu wa Kano, kule ziwani, nani ataniambia mambo ya Kano?"

"Si uongo," Wangu akaitikia.

Wote wakaliona wazo la busara. Lilikuwa na kasoro moja tu, kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anakujua alikopewa. Walikuwa watoto wa Eastlands, wamecheza mpira kati ya nyumba hizi hizi, na ushago kwao ulikuwa mahali pa Krismasi na matanga. Frankline alikwenda Kano kuzika. Alilala kwenye basi, akaamshwa wakati wa kushuka, akala, akalia kidogo, akarudi. Lakini hapa Nairobi mtu akikuuliza kwenu ni wapi huwezi kumjibu Jericho, atakuona huna asili. Sharti utaje kijiji, na ukishakitaja ni aibu kukiri kwamba hukijui.

Pwani na Bonde la Ufa hazikupata mwenyewe. Hizo walizisoma pamoja kitabuni, ukurasa kwa ukurasa, na ajabu ni kwamba hizo ndizo wote walizijua barabara.

Zamu ya Mumin ilikuwa mateso. Alikuwa kijana mwangalifu, na kila baada ya sentensi mbili alisimama. "Hapa sina uhakika," alisema. "Mambo ya visima na zamu za kunywesha mifugo nitamwuliza mjomba. Jumamosi ijayo nitawaambia." Na kweli Jumamosi iliyofuata alikuja na majibu ya mjomba, lakini kwa kuwa na hayo pia aliyatoa kwa kusitasita, wenzake waliandika shingo upande.

Zamu ya Mwongeli ilikuwa mambo mengine kabisa. Alikuja na udongo katika mfuko wa unga, akaumwaga kwenye sinia la mzee Okumu, akaliinamisha sinia, kisha akamimina maji ya birika kutoka juu. Udongo wote ukateremka hadi kwenye kitambaa cha meza.

"Hii ndiyo Machakos ya zamani," alisema. "Mvua ikinyesha, shamba linahama."

Akaupanga udongo upya. Kwa kijiko akachimba vijitaro vya kuukata ule mteremko, na udongo wa kila mtaro akaurundika upande wa juu. "Unachimba, unautupa udongo juu, si chini. Watu wa kilimo wanaita fanya juu. Kina mama walikuwa wanachimba kwa vikundi, mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule, na anayelala nyumbani hachimbiwi." Akamimina tena. Safari hii maji yalisimama mitaroni, udongo ukatulia. Mzee Okumu alikuwa ametoka chumbani aone ni nini kinachomwagika. Alitazama kitambaa chake kilivyoloa, na badala ya kugomba akavuta kiti akaketi kusikiliza mpaka mwisho.

Kisha ikaja zamu ya Frankline. Wiki nzima kitabu kilikuwa juu ya kabati, na Frankline alikuwa uwanjani akitazama mpira, au kwenye baraza ya kinyozi akibishana kuhusu mpira. Alijiambia kwamba nchi ya ziwa iko damuni, haihitaji kusomwa. Na kusema kweli alikuwa na ulimi. Alisimama mbele ya runinga, mikono mfukoni, akaeleza samaki, miwa na mafuriko kwa sauti ya mtangazaji, mpaka Wangu akaacha kula. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma vizuri mno.

"Na mpunga wa Ahero, huko kwenu Kano?" Mumin aliuliza. "Unapata maji wapi?"

Frankline hakujua. Hakuwa na habari hata kidogo. Angeweza kusema sijui, au kusema kama Mumin, kwamba ataenda kuuliza, na wa kuuliza alikuwa karibu. Lakini ilikuwa sebule ya kwao, yeye ndiye mwenye nchi, na macho yote yalikuwa kwake.

"Ziwani," alisema. "Ziwa si liko hapo tu? Maji yanatoka ziwani yanashuka na mitaro, buda, mpaka shambani. Hakuna mashini, hakuna gharama. Ni kufungulia tu."

Mwongeli aliinua kalamu. "Yanashuka? Kwani ziwa liko juu kuliko mashamba?"

"Mwongeli, kati yangu na wewe, nani wa Kano?"

Wakacheka. Mwongeli naye akacheka, akainamisha kichwa akaandika. Huko chumbani redio ya mzee Okumu, iliyokuwa ikisoma habari, ilipunguzwa sauti.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, mzee alitoka na kikombe chake. Alikuwa mfanyakazi wa reli aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na tangu mkewe afariki alikuwa amezoea kuongea na redio kuliko na watu.

"Frankie," alisema, "hayo ya maji uliyowaambia wenzako."

"Baba, hiyo ni silabasi. Si mambo ya kijijini."

"Mimi nimeshika jembe kwenye mradi ule kabla reli haijaniajiri. Keti kidogo nikueleze."

"Baadaye, mzee. Mechi inaanza."

Mzee akageuka polepole na kurudi chumbani. Sauti ya redio ikapanda tena. Frankline alijua wakati ule ule kwamba alikuwa amesema uongo sebuleni. Hakujua ukweli ni upi, ila alijua kwamba aliosema siyo, na alijua ungemgharimu nusu saa tu ya kukaa na baba yake kuupata. Akawasha runinga. Jumamosi zilizofuata nazo alikuwa na nafasi ya kusema, jamani, lile la Ahero lifuteni kwanza. Lakini kila alipotaka kufungua mdomo alimwona Mumin akitabasamu, akaufunga.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa watu waliovaa kama wanaokwenda kuposa. Sehemu ya kwanza ilikuwa rahisi. Sehemu ya mwisho, yenye alama nyingi, ilikuwa na maswali matatu, na mtahiniwa alitakiwa kujibu mawili. La kwanza: jinsi wakulima wa Machakos walivyozuia mmomonyoko wa udongo. La pili: jinsi wafugaji wa kaskazini wanavyogawana maji wakati wa kiangazi. La tatu: eleza namna mradi wa mpunga wa Ahero unavyopata maji yake, na matatizo yanayotokana na namna hiyo.

Frankline alilisoma la tatu mara mbili. Ilikuwa nchi yake, imeandikwa kwa wino, inamtazama. Akauona uso wa baba yake ukigeuka kurudi chumbani. Kalamu yake ikaliruka swali lile bila hata kuambiwa. Aliandika la Machakos, na maneno yakaja yenyewe, kwa maana alikuwa akiliona sinia, kijiko na maji yaliyosimama mitaroni. Kisha akaandika la kaskazini, akayapanga maneno ya mjomba wa Mumin moja baada ya jingine.

Nje, Mwongeli alimjia mbio, mkoba ukimpiga kiunoni.

"Frankie! Ahero imekuja! Umeiona?"

"Nimeiona."

"La kwetu nimelijibu, halafu nikaenda Ahero mbio. La kaskazini nimeliacha. Mumin naye kila saa hana uhakika, mtu ataandika nini? Lakini wewe ulitufunza kama mtu aliyezaliwa shambani. Nimeandika maji yanashuka kutoka ziwani, hakuna mashini, hakuna gharama. Nimejaza kurasa! Mungu akubariki."

Alimshika mikono yote miwili akaitikisa. Frankline alimwambia yote yalikuwa sawa, na alipoulizwa yeye alijibu maswali yapi, akasema simu yake inalia. Simu haikuwa ikilia. Njia nzima alijituliza kwamba swali moja haliwezi kumwangusha mtu, na huenda msahihishaji naye hakuwahi kufika Ahero.

Matokeo yalikuja kwa simu, kila mtu na ujumbe wake. Wangu alipita. Mumin alipita. Frankline alipita, tena vizuri. Mwongeli alikosa kwa alama chache, zile ambazo swali moja la mwisho lingempa na kubakisha. Aliwapongeza wote kwa jina. Kwa Frankline alisema, "Angalau wewe. Mwalimu wetu." Mkataba wake ulipoisha alirudisha kitambulisho cha ofisi, na baada ya wiki chache alionekana Industrial Area, kwenye foleni ya vibarua wa kiwanda cha sabuni, akifunga maboksi kwa malipo ya siku. Ile nyumba ya Tena ilipata mpangaji mwingine. Kanyiva aliendelea na mitungi yake.

Mzee Okumu alifurahi kwa namna yake. Alinunua nyama, akaipika mwenyewe, akampakulia mwanawe minofu. Katikati ya kula akauliza, "Na yule msichana wa Kikamba, wa udongo?"

"Hakupita, Baba."

Mzee aliweka mfupa kando. "Lile la maji lilikuja?"

"Halikuja," Frankline alisema.

Mzee akauchukua tena mfupa wake. Hakuuliza tena. Baadaye kidogo, asubuhi moja ya kawaida, hakuamka. Redio ilikuwa ikisoma habari peke yake, na Frankline alipoingia kumwambia apunguze sauti alimkuta amelala ubavu, mkono chini ya shavu, amepoa.

Makarani wenzake Frankline walichanga, walifanya mikutano ya mazishi, wakakodi basi. Mwongeli hakuwa tena mwenzao kazini, wala hakuna ambaye angemlaumu asingekuja, kwa maana kibarua asiyefika halipwi. Alikuja. "Mzee alinikopesha sinia lake nikalijaza matope," alisema, "nitaachaje kumzika?" Akaketi kiti cha mbele, akaongoza nyimbo za kanisa mpaka Nakuru, na mvua ilipowakuta Londiani akamfunika Frankline kwa leso yake alipomwona anatetemeka. Frankline hakuwa akitetemeka kwa baridi. Alikuwa ameanza kuhesabu ni wapi watapita. Alimwomba Mungu, mbele ya jeneza la baba yake mzazi, kwamba Mwongeli asinzie watakapofika Ahero. Mtu huomba vitu vya ajabu akiwa na la kuficha.

Mwongeli hakusinzia. Basi lilipovuka daraja la Nyando alisimama kabisa akabandika uso dirishani. "Frankie, ndio hapa! Ona mitaro! Ona mpunga!" Wangu na Mumin wakasimama pia kuangalia. Frankline aliangalia viatu vyake.

Nyumbani hakuwa na mahali pa kulala. Mtoto wa kiume wa kwanza alitakiwa awe amejenga simba yake, kijumba cha kijana katika boma la baba, kwa maana mtu mzima halali nyumba moja na babake. Frankline alikuwa ameahidi kujenga kila Krismasi. Usiku huo alilazwa kwa binamu, kama mgeni, na wazee walipita wakikitazama kiwanja kitupu ambapo simba yake ilipaswa kusimama.

Walimzika mzee Jumamosi mchana. Mwongeli alitupa udongo wake kaburini, akasimama kidogo, kisha akarudi chini ya hema pamoja na wengine kula. Kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine aliyoweza kuifanya bila kuelekezwa, Frankline alikabidhiwa birika lililojaa maji na beseni, awanawishe wageni. Alikwenda kutoka kiti hadi kiti. Alipofika kwa Mwongeli, shangazi Adoyo, dada wa marehemu, alikuwa ameinama akimwekea sahani ya wali.

"Kula, mwanangu. Mchele huu hautoki dukani. Ni wa shamba langu, pale nyuma ya mtaro."

"Kumbe wewe ni mkulima, shangazi!" Mwongeli alinyoosha mikono inawishwe, uso umechangamka. "Mimi nimesoma habari zenu. Haya maji yenu yanashuka kutoka ziwani, si ndiyo?"

Shangazi Adoyo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ndugu yake afe. "Ziwani? Ziwa liko chini kule, mama. Litapandaje huku lenyewe? Maji yanavutwa na pampu ya stima kutoka mtoni, pale Nyando mlipovuka. Na hiyo ndiyo taabu yetu tangu zamani. Stima ikipotea, mpunga unakauka na mto umejaa hapo hapo unauona. Bili ya stima nayo ikija, tunalia. Okumu alikuwa anayajua haya sana, ujana wake aliumaliza kwenye mtaro akingoja zamu ya maji. Nani alikwambia ziwani?"

Kabla hajajibiwa, shangazi aliitwa jikoni akaondoka. Frankline aliendelea kumimina maji juu ya mikono ambayo haikuwa ikinawa tena. Yalipita kati ya vidole, yakajaa beseni, yakamwagikia kwenye viatu vya wote wawili.

"Ulijua?" Mwongeli aliuliza, kwa sauti ya chini, kwa kuwa palikuwa msibani.

"Sikujua."

"Wewe ulijibu yapi?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na mazoea sasa. Lakini alikuwa amemdanganya mtu mmoja kuhusu swali hili, na mtu huyo walikuwa wametoka kumfukia, na hapakuwa tena na njia ya kumrudia na kumwambia ukweli.

"La Machakos," alisema. "Na la Mumin."

"Na la kwenu?"

"Niliruka."

Mwongeli alivuta mikono yake, akaifuta kwa leso, kidole kimoja kimoja. Frankline alingoja apige kelele. Alitamani apige kelele. Angemtukana mbele ya wazee wote ingekuwa nafuu.

"Unajua mimi sijawahi kuishi Ukambani?" alisema mwishowe. "Nilizaliwa Pumwani. Mliponipa Machakos sikuwa najua hiyo fanya juu ni mnyama gani. Ilibidi nipande gari niende kwa nyanya, kule Mwala. Nikamwambia, nyanya, nimepewa kwetu na mimi sikujui. Alinicheka mpaka akakaa chini. Akawaita majirani waje wanicheke. Halafu akanishika mkono akanipeleka shambani, akanionyesha yote, na udongo ule wa kwenye sinia alinichotea yeye." Akaikunja leso akaiweka pajani. "Ni kuchekwa tu, Frankie. Hakuna kingine nilichofanywa. Na wewe hukuhitaji hata nauli. Mzee alikuwa chumba cha pili."

Kisha akavuta sahani yake akaanza kula, taratibu, tonge kwa tonge, kwa maana chakula cha msiba hakiachwi. Machozi yalikuwa yakimtoka, na kwa kuwa ni matanga hakuna aliyemwuliza analilia nini.

Frankline alibaki amesimama. Ng'ambo ya hema aliona kaburi la baba yake, udongo bado mweusi kwa maji, na nyuma yake mpunga wa kijani kibichi hadi macho yalipokoma. Alikuwa na maswali sasa. Alitaka kumwuliza mzee pampu ilikuwa wapi, zamu zilikwendaje, alilala vipi pale mtaroni, aliwahi kuogopa, kwa nini aliacha jembe akafuata reli. Yangetosha kuwaweka kwenye ile sebule ya Jericho Jumamosi nyingi, redio imezimwa. Alikuwa na muda wote huo, na alikuwa akitazama mechi.

"Frankie!" shangazi Adoyo aliita kutoka jikoni. "Mstari wa nyuma bado hawajanawa. Ongeza maji, haraka!"

Birika lilikuwa tupu. Alilitazama, akatazama nyumba ya baba yake, tangi lililoinama, kijia kinachopotea kwenye mahindi, kijia kingine kinachoelekea mtaroni. Wazee wa mstari wa nyuma walikuwa wamekwisha kunyoosha mikono, wanamngoja mtoto wa marehemu. Alitembea hadi mlangoni pa jikoni, na mbele ya wanawake wote wa Kano waliokuwa wamekaa pale akasema, "Shangazi, nisamehe. Sijui. Maji ya hapa kwetu huchotwa wapi?"